Haisomeki

Sarafu ya kwanza kuwekwa mbele yangu ilifanana na kifungo cha koti kilichookolewa kwenye nyumba iliyoungua. Nyeusi, ina madoa ya kijani pembeni, nzito kidogo kuliko nilivyotarajia. Niliigeuza huku na huku. Sikuona kichwa, sikuona herufi. Nikamwuliza mwalimu: hii ni ya nani? Akacheka. "Hilo ndilo swali lako mpaka mwisho wa Agosti," akasema, akanisogezea sanduku zima.

Ilikuwa magharibi mwa Uturuki, kwenye nyumba ya wachimbaji jirani na mji wa kale ambao sitautaja jina, kwa sababu ripoti yake haijachapishwa na si mimi mwenye kuitangaza. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili nchini Ujerumani. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko, nilisoma akiolojia Dar es Salaam, na pamoja na masomo yote hayo bado kichwani nilikuwa na picha ile ile ya wengi: kwamba anayechimba anatafuta dhahabu. Nikuambie mapema usije ukasubiri bure. Kwa misimu miwili sikugusa dhahabu hata punje. Fedha niligusa mara moja, kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Kilichobaki chote ni shaba iliyochanganywa na bati na risasi. Chenji, kwa kweli. Chenji ya watu waliokwenda sokoni, ikawadondoka, wakaitafuta kidogo, wakaiacha.

Chenji hiyo ina habari yake. Dhahabu na sehemu kubwa ya fedha lilikuwa jambo la Roma yenyewe, lakini upande wa mashariki wa dola, kwenye nchi zilizosema Kigiriki, hela ndogo ya kila siku iliachiwa miji. Kuanzia enzi za Augustus hadi karne ya 3 baada ya Kristo, mamia ya miji ilipiga sarafu zake za shaba. Upande mmoja huwa na kichwa cha kaisari, au mke wake, au mwanawe. Upande wa pili mji unajisifu: mungu wake, hekalu lake, mto wake, michezo yake. Pembezoni kuna jina, na jina hilo kwa kawaida si la mji bali la watu wake. Efeso waliandika ΕΦΕΣΙΩΝ, yaani "ya Waefeso". Ukiwa umewahi kufungua Biblia ya Kiswahili umeshakutana na watu hao kwenye waraka wa Paulo. Nilifurahi sana siku nilipoelewa hilo. Kijerumani kilikuwa kinanitoa jasho kila siku, lakini hapa Kiswahili kilinibeba bila shida: Waefeso, Wapergamo, Wasmirna. Sarafu ya watu fulani.

Mambo hayo yaliisha ndani ya karne ya 3. Fedha ya Roma ilichanganywa shaba kidogo kidogo mpaka weupe ukabaki juu juu tu, na chenji ya miji ikakosa thamani ya kuihangaikia. Perge, kusini mwa Uturuki ya leo, ni kati ya miji ya mwisho kabisa, chini ya kaisari Tacitus, miaka 275 na 276. Aleksandria ya Misri, iliyokuwa na utaratibu wake wa pekee, ilisogea mbele miaka ishirini hivi zaidi. Baada ya hapo, kimya.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kituruki wa miaka sitini na kitu, ambaye sote tulimwita Hocam, "mwalimu wangu". Yeye aliniita kızım, binti yangu, hata pale aliponikasirikia. Kazi aliyonifundisha ina hatua chache na hazibadiliki. Fundi wa hifadhi akishamaliza kuondoa uchafu, unapima kipenyo kwa milimita. Unapima uzito kwa gramu. Unaishika sarafu kichwa cha kaisari kikiwa wima, unaigeuza, na unaandika picha ya nyuma inaelekea saa ngapi, kama mshale wa saa: 12 ikiwa nayo imesimama, 6 ikiwa imepinduka. Unaandika ilikotoka: shimo gani, tabaka gani, siku gani. Yote haya unaweza kuyafanya bila kujua lolote kuhusu Roma. Ndipo unawasha taa.

Taa ndiyo siri yenyewe. Ukiiweka juu ya sarafu huoni kitu. Ukiishusha mpaka mwanga ukapita karibu na meza, ukailamba sarafu kwa ubavu, vitu vinaanza kuinuka. Aliyekulia pwani analijua jambo hili. Nyayo kwenye mchanga mkavu huzioni saa sita mchana, lakini alfajiri, jua likiwa chini, kila unyayo una kivuli chake na unaweza kusema huyu alikuwa anakimbia. Unazungusha sarafu taratibu chini ya taa. Kwenye pembe fulani inatokea shingo. Ukizungusha kidogo tu inapotea, na pua inajitokeza.

Kwa shingo na pua unaweza kufika mbali. Nero wa miaka yake ya mwisho ana shingo nene ya mtu aliyeshiba. Vespasian ana upara. Gordian III, aliyetawala 238 hadi 244, ni kijana tu. Julia Domna ana nywele za mawimbi mazito zinazofunika shingo nzima, na hata sarafu ikichakaa vipi, umbo la nywele zile hubaki kama chungu kilichofunikwa. Ukubwa nao husema. Konda wa daladala hatazami sarafu unayompa, kidole gumba chake kimeshajua. Baada ya wiki tatu vidole vyangu navyo vilianza kujua kidogo.

Ila kuna sarafu ambazo hata taa haizisaidii, na hizo ndizo nyingi. Jioni moja nilihesabu: kati ya sarafu sitini nilizokuwa nimezimaliza, ishirini na saba nilikuwa nimeziandikia neno moja, "haisomeki". Nilitazama ile safu kwenye kompyuta nikaona aibu. Haisomeki, haisomeki, haisomeki. Pale mezani nilikuwa Mwafrika peke yangu, na nilikuwa wa mwisho kujifunza Kigiriki. Hakuna aliyenisema vibaya, lakini nilihisi kwamba kila "haisomeki" itasomeka vizuri sana, na itasomeka hivi: hajui.

Basi nikaanza kujua.

Sarafu iliyonitia matatani ilitoka chini ya sakafu ya chokaa ya chumba kimoja, ndani ya udongo wa kujazia. Mahali kama hapo ni pa thamani kubwa. Sakafu ikishamwagwa, kilicho chini yake kimefungiwa, hakuna kinachoingia tena. Kwa hiyo sakafu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko sarafu iliyolala chini yake. Ukiijua sarafu, umepata mwaka ambao kabla yake sakafu haikuwapo.

Ilikuwa sarafu kubwa, milimita 35, gramu 21 na ushee. Upande wa nyuma ulikuwa umeliwa wote na kutu. Upande wa mbele, kwenye ubavu wa kushoto, palikuwa na kichwa cha mwanaume mwenye ndevu anayetazama kulia. Ubavu wa kulia ulikuwa laini tupu. Karibu na ukingo palikuwa na pigo dogo la mstatili. Nilizungusha taa nusu saa. Ndevu nilizipata, na hapo nikamkumbuka Hadrian, aliyetawala 117 hadi 138, kaisari wa kwanza aliyezoea kufuga ndevu. Tena ni msafiri. Alipita katika Asia ya Kirumi mwaka 124, akarudi 129, na kila mchimbaji wa maeneo yale angependa awe amepita kwake. Nikaandika: Hadrian. Mji: haujulikani. Hali: nusu ya kulia imechakaa, imegongwa na chombo. Sikuweka hata alama ya kuuliza. Alama ile ni ya bure, ipo kwenye kila kibodi, na mimi sikuiweka.

Kutoka hapo sarafu ikaanza kutembea bila mimi. Mwenzangu wa chumba, dada mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu ya udaktari juu ya jengo lile, aliiona kwenye orodha akaruka kwa furaha. Sakafu baada ya 117! Alikuwa na vipande vya nguzo vilivyoelekea karne ya 2, na sasa amepata sarafu. Wakati wa baridi aliandika sura nzima: jengo lilifanyiwa ukarabati mkubwa enzi za Hadrian, pengine kwa ajili ya ujio wake. Alinitumia sura hiyo niisome. Jina langu lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Msimu wa pili, siku kumi kabla ya sarafu zote kukabidhiwa makumbusho ya eneo kama sheria ya Uturuki inavyotaka, Hocam aliketi kukagua orodha yangu. Alizipitia haraka, akinung'unika hapa na pale. Kwenye hiyo moja akasimama. Aliitazama muda mrefu, akaivusha mezani kwangu.

"Kızım, kwa nini kaisari amekaa pembeni?"

Nikasema labda kigae cha shaba kiliteleza kwenye chapa. Hutokea.

"Hutokea. Lakini kikiteleza, sehemu ya kichwa hukatwa. Huyu kichwa chake kizima kipo. Amekaa pembeni kwa adabu, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi."

Nikahisi tumbo likinishuka. Akashusha taa, akaniambia nitazame ule ubavu laini, na safari hii nisitafute picha, nitazame umbo la uso wenyewe wa shaba. Nikaona. Upande ule haukuwa tambarare. Ulikuwa na bonde.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilikuwa kimenifundisha waziwazi. Sarafu ikichakaa kwa kupita mikononi, huliwa pale palipoinuka: pua kwanza, shavu, nywele za juu ya sikio. Mabondeni hubaki vilevile. Hakuna mkono wa sokoni unaoweza kuchimba shimo katikati ya sarafu. Palipo na bonde pana chombo, na palipo na chombo pana mtu aliyekusudia. Ndani ya bonde lile, mwanga ulipopita chini kabisa, palionekana mikwaruzo myembamba iliyolala sambamba, yote ikielekea upande mmoja. Nilichokiandika "imechakaa" kilikuwa kimefutwa.

Kulikuwa na kichwa cha pili. Watu wawili walitazamana, na mmoja akaondolewa.

Huyo aliyeondolewa, kwa sarafu ya aina ile, ukubwa ule, na mwenzake mwenye ndevu fupi na uso mpana, karibu hakika ni Geta. Septimius Severus alipokufa mwaka 211 aliwaachia dola wanawe wawili, Caracalla na Geta, watawale pamoja. Mwaka haukuisha kabla Caracalla hajamuua mdogo wake. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi wakati huo huo, anasema kijana alifia mikononi mwa mama yao, Julia Domna. Kisha ikaja amri ya kumfuta. Jina lake lilichongwa likatolewa kwenye mawe kila pembe ya dola. Berlin kuna mchoro wa duara kwenye ubao, wa familia ile: baba, mama na mtoto mmoja, na pale ulipokuwa uso wa mtoto wa pili pamebaki doa. Nilikuwa nimeshausimamia mchoro ule mwezi Januari, nimejifunga skafu, nikausikitikia, nikaondoka. Nyumbani kwangu kwenye orodha nilikuwa na kovu lile lile, nimeliandikia "imechakaa".

Na sarafu nazo zilifutwa, ila si kila mahali. Pergamo walifuta. Stratonikeia, katika Karia, walifuta pia. Hocam akaniuliza lile pigo dogo la mstatili nimelionaje. Nikasema jembe. Akanipa lenzi. Ndani ya mstatili mlikuwa na herufi, nikazisoma moja moja kama mtoto wa chekechea: ΘΕΟΥ. "Ya mungu." Ni muhuri, chapa iliyopigwa baadaye juu ya sarafu iliyokwisha kutengenezwa, na muhuri huo unafahamika kwenye sarafu za Stratonikeia. Christopher Howgego alikusanya mihuri ya namna hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1985, na kitabu hicho kilikuwa rafuni, nyuma ya kiti changu, tangu msimu wa kwanza.

Jambo la mwisho alilonionyesha ndilo ninalolikumbuka zaidi. Kingo za bonde zilikuwa laini. Mtu alimkwangua Geta, kisha sarafu ikarudi sokoni. Ikanunua mikate, ikanunua zeituni, ikaingia mifukoni na kutoka miaka mingi, mpaka hata kovu nalo likachakaa. Kwa hiyo sakafu haikumwagwa tu baada ya 211. Ilimwagwa muda wa kutosha baadaye. Siku hizo ndipo nilipoelewa kwa nini wataalamu wa Uswisi, wanapoorodhesha sarafu za kuchimbwa, hutoa daraja moja kwa uchakavu na jingine kwa kutu. Kutu ni kazi ya udongo. Uchakavu ni kazi ya watu, na unahesabika kama ushahidi.

Hocam hakunigombeza. Alisema tu, "Mwambie leo," akajua hana haja ya kunitajia nani.

Nilimkuta mwenzangu barazani, anakunywa chai kwenye vile vibilauri vyao vidogo. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Nikamwambia: ile sarafu si ya Hadrian. Nilikosea. Ni baada ya 211, pengine vizazi viwili baada ya hapo. Akaweka bilauri chini.

"Una uhakika?"

"Wa sasa ninao. Wa zamani sikuwa nao, nikaandika kama ninao."

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwa nini hukuandika kwamba hujui? Ningeandika sura nyingine tangu mwanzo." Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nikamweleza ukweli, ile safu ya "haisomeki" na aibu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole wala hakusema si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu: miezi minne ya kazi yake, na msimamizi aliyekwisha kuisifu sura ile. Aliingia chumbani akalala na nguo zake. Siku mbili tulipeana salamu tu. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu na pakiti tatu kutoka jengo lile lile, akazipanga mbele yangu. "Hizi nazo zitazame tena," akasema. "Na usinihurumie." Nikazitazama tena. Moja ilibaki kama ilivyokuwa. Mbili nilizirudisha kwenye "haisomeki".

Nimerudi nyumbani sasa, na siku hizi ninashughulika na sarafu za shaba za Kilwa, ndogo kuliko zile na ngumu kwa namna yake. Hazina mwaka, hazina jina la mji. Zina jina la sultani, Ali bin al-Hasan na wenzake, na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia mwingine, kwa hiyo herufi mbili za upande huu wakati mwingine hukusaidia kukisia za upande ule. Kukisia huko kutamu ndiko ninakokuogopa. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na tangu hapo kila mtu ana hadithi yake ya jahazi lililozifikisha. Mimi pia ninayo. Nimezaliwa Kilwa, nitakosaje? Lakini hadithi yangu haina tabaka wala sakafu, kwa hiyo haiingii kwenye orodha.

Kuna kijana wa mwaka wa tatu anayenisaidia. Wiki iliyopita alikuja na karatasi yake ameificha nyuma, kama mtu aliyefeli mtihani. Kati ya sarafu kumi na nane alikuwa ameandika kumi na moja hazisomeki. "Dada, samahani," akasema. "Nimejitahidi."

Nilimfungulia faili la zamani nikamwonyesha mstari mmoja, kama ulivyo leo kwenye orodha iliyokwenda makumbusho pamoja na sarafu yenyewe:

Shaba. 35 mm. 21.3 g. Mhimili haupimiki. Mbele: kichwa cha Caracalla (?) kushoto, kinatazama kulia, mbele yake kichwa cha pili, cha Geta (?), kimefutwa kwa chombo, kovu limechakaa. Muhuri: ΘΕΟΥ ndani ya mstatili. Nyuma: haisomeki. Stratonikeia ya Karia. 209–211 (?), imefutwa baada ya hapo. Uchakavu: mkubwa. Awali iliorodheshwa kimakosa kuwa ya Hadrian.

Aliusoma mara mbili. Akahesabu alama za kuuliza kwa kidole, zilikuwa tatu. Halafu akavuta kiti, akachukua ya kwanza kati ya zile kumi na moja, na mimi nikamshushia taa.